Neno la Wavivu

Nianze kwa kusema ukweli: mimi ni mtu wa visasi. Watu wa kwetu Kakese wanalijua hilo, mama yangu analijua, na wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanalijua kuliko wote. Kuna wanaosamehe wakalala usingizi wao. Mimi nikikosewa naweka, na naweka miaka. Mtu niliyemweka muda mrefu kuliko wote alikuwa mwalimu wangu wa Kiingereza, bwana mmoja mrefu, mwembamba, wa kuvaa koti hata mwezi wa kumi, Mpanda ikiwa inachemka na mabati yanalia juu ya vichwa vyetu.

Chanzo cha ugomvi wetu kilikuwa kitenzi kimoja cha Kiingereza, kifupi, herufi tatu tu: get.

Mtu aliyesomea Kiingereza tangu chekechea hawezi kuelewa get ilikuwa nini kwetu. Sisi tulitoka vijijini. Nyumbani tulizungumza Kikonongo, Kiswahili tukakikuta shule ya msingi, halafu tunafika Kidato cha Kwanza tunaambiwa kuanzia leo kila kitu ni Kiingereza, mpaka kuomba kwenda chooni. Jamani! Ulimi ulikuwa unakauka mdomoni. Lakini kalikuwepo hako kaneno, nako kalibeba kila kitu. Ukitaka kalamu, I get pen. Ukifika shule, I get school. Ukiugua, I get sick. Ukielewa somo, unatikisa kichwa, unasema I get. Kuamka, kupanda gari, kushuka, kuolewa, kupotea, kuchoka, yote get, unaongeza kaneno kengine mbele au nyuma, maisha yanaendelea. Nilikuja kujua baadaye kwamba hatukuwa tumekosea sana. Waingereza wenyewe wanafanya hivyohivyo, tena bila aibu.

Mwalimu akaikataza. Siku hiyo aliingia darasani, akaandika get ubaoni kwa herufi kubwa, akaipiga mstari katikati, akasema hili ni neno la wavivu. Kuanzia leo, atakayelitamka atavaa kibao. Shule nyingi zilikuwa na kibao cha kumvisha anayeongea Kiswahili. Cha kwetu kilikuwa cha mbao, kimetobolewa, kikapitishwa kamba ya katani, na juu yake kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba aliyevaa ni mvivu. Ukivishwa, unatembea nacho shingoni kutwa nzima mpaka umkamate mwenzako akikosea, umvishe yeye. Atakayekutwa nacho jioni, kwenye mstari, anadeki vyoo.

Sasa fikiria watoto arobaini wanaowindana. Rafiki yako anakuja kukuuliza kwa upole umetoka wapi, umepata nini, umefika saa ngapi, kumbe anataka useme get tu akuvue utu wako. Nilivishwa mimi kuliko wote. Sikuwa mjinga! Hesabu nilikuwa nawaburuza. Ila nilikuwa na mdomo, siwezi kukaa kimya, na kila nikifungua mdomo, get inatangulia. Kamba ile ilinichubua shingo. Wiki moja nilidekishwa vyoo siku zote tano, na yeye anapita na koti lake, mikono nyuma, anasema "Very good." Nilimchukia. Sikumchukia kitoto. Nilimchukia kama mtu mzima anavyomchukia mtu mzima mwenzake.

Lakini vyoo ni vyoo, unanawa unasahau. Ninachotaka kusimulia ni siku ya baba.

Baba alikuwa mgonjwa wa kifua, mgonjwa wa muda, wa leo yuko shambani na kesho yuko kitandani. Nilipomwacha Kakese mwanzoni mwa muhula alikuwa anapukuchua mahindi na ananitania kwamba nikirudi nimsemeshe Kiingereza mpaka mbuzi washangae. Mimi nilikuwa nakaa bwenini. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, tumetoka tu kunywa uji, nikaitwa ofisi ya walimu. Nje ya mlango, kwenye benchi, nikamkuta baba yangu mdogo, yule anayemfuata baba kuzaliwa. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia usoni. Ndani alikuwa mwalimu wangu peke yake.

Akaniambia, kwa Kiswahili, kwamba baba yangu anaumwa sana na ndugu yangu amekuja kunichukua. Halafu akachukua kalamu, akaegemea kiti, akasema, "Sasa omba ruhusa. Kwa Kiingereza."

Nikasema nilichokuwa nacho: "Sir, I want to get home. My father get sick."

"Again," akasema. "Without that word."

Nikajaribu. Ikatoka get. "Again." Nikajaribu, ikatoka tena, maana ukiwa na hofu ulimi unakimbilia pale ulipozoea. "Again." Nikaanza kulia. Akanipa karatasi, akasema kama siwezi kusema, niandike. Nikaandika. Akaisoma, akaikunja, akanipa nyingine. Akanieleza kwamba baba haja-get sick, bali ame-fall ill, na kwamba mtu ha-get home, anarudi nyumbani, na kwamba ruhusa haitakwi, inaombwa. Mambo ya kitabuni kabisa, polepole, kama tuna mwaka mzima! Nikichungulia dirishani, benchi tupu. Baba mdogo kachoka kusubiri, nikawaza, kaenda kunywa chai mjini, ameniacha na huyu shetani. Nikaandika karatasi ya tano, ya sita, ya saba. Mikono imelowa jasho, wino unasambaa. Kuna wakati nilipiga magoti, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mwalimu, naomba, baba yangu anaweza kufa." Akageuza uso ukutani, akasema, "Write it again."

Ilipita saa nzima na zaidi. Mwishowe baba mdogo akatokea dirishani, jasho linamtoka, wakaangaliana na mwalimu, baba mdogo akatikisa kichwa kukubali kitu, mwalimu akavuta ile karatasi ambayo ilikuwa bado na makosa mawili, akatia saini bila kuisoma. Nikajua baba mdogo amemwangukia, amembembeleza. Tukapanda bodaboda mpaka Kakese.

Nyumbani nikakuta maturubai. Nikakuta wanawake wamekaa chini. Ndani, jeneza jipya limewekwa juu ya viti viwili, linanuka vanishi, na baba yumo. Shangazi mmoja akanikumbatia, akasema, "Mwanangu, baba yako amekutaja mpaka dakika ya mwisho." Basi. Hayo maneno yaliniingia, yakakaa. Nilianguka palepale, na wanasema nilizimia mara tatu. Wasifu ulisomwa nimelazwa chumbani, wananimwagia maji. Makaburini nilishikiliwa na watu wawili.

Sikumuuliza mtu baba amekata roho saa ngapi. Nimuulize nani, na ya nini? Mimi niliijua saa. Ilikuwa ile saa niliyokaa naandika karatasi. Baba yangu alikuwa ananiita, na mtu mwenye koti alikuwa ananifundisha tofauti ya get na fall. Nilikula kiapo pale pale chumbani, nguo zimelowa, kwamba huyu mtu nitamkomesha. Sikujua lini wala vipi, lakini nilijua kwa kutumia nini.

Nilirudi shule baada ya wiki mbili, nikanunua kaunta buku kwa mzee mmoja Muislamu mwenye duka la madaftari karibu na soko. Aliniuliza ni la somo gani, nikamwambia la neno moja. Akacheka sana, akasema neno gani hilo la kujaza kaunta buku. Nikamwambia subiri utaona.

Nililijaza. Wenzangu walikuwa wanaandika nyimbo za Bongo Fleva nyuma ya madaftari yao, mimi naandika get. Niliiwinda kwenye kamusi ya maktaba iliyotoka jalada, kwenye magazeti ya kufungia maandazi, kwenye redio. Kwanza ni kupata, hiyo kila mtu anaijua. Halafu ni kupokea, barua kwa mfano. Halafu ni kwenda kuchukua kitu ukakileta. Halafu ni kufika. Halafu ni kugeuka kuwa: kulowa, kukasirika, kuzeeka, kote huko Kiswahili kina kitenzi chake na Kiingereza kinakuwekea get na sifa mbele. Nilipenda get married, kwa sababu Kiswahili kinataka kujua nani kaoa na nani kaolewa, Kiingereza hakijali, wote wawili wame-get. Kuna get up, kuna get along, kuelewana na mtu, na get by, kusukuma maisha kwa kidogo ulichonacho, hiyo nikamwandikia mama yangu pembeni, maana alibaki na sisi wanne na jembe. Kuna get over: kuvuka kikwazo, au kupona msiba. Nilipofika hapo nikaacha mistari kumi tupu, sikuwa na mfano wa kuandika.

Na kuna get away with. Mungu wangu, hiyo niliiandika kwa kalamu nyekundu. Kufanya ubaya ukaachwa, usiguswe, ukatembea na koti lako. Chini yake nikaandika get even. Kulipa. Mkawa sawa.

Chuki ni mwalimu mzuri, nakwambia. Kidato cha Nne nilipata A ya Kiingereza, ya kwanza ambayo shule ile iliwahi kuiona, na alipokuja kunipongeza nilimpa mkono huku naangalia bega lake. Nikaenda kidato cha tano, nikaenda chuo, nikasomea ualimu, wa nini? Wa Kiingereza. Nikarudi Mpanda, nikaajiriwa shule moja binafsi, nikapanga nyumba Nsemulwa, na baada ya miaka michache nikawa mkuu wa idara. Kibao shuleni kwangu hakipo. Siku ya kwanza niliuliza kama kipo, nikaambiwa kipo stoo, nikakichukua, nikakipikia chai.

Sasa, mwezi uliopita, mkuu wetu wa shule akaniita. Tunahitaji mwalimu wa Kiingereza wa muda, akasema, wameomba wawili, kijana aliyetoka chuo juzi, na mzee mmoja mstaafu. Wewe ndiye mwenye idara, waite wafundishe kipindi kimoja kila mmoja, uchague. Akanisogezea barua. Nikaliona jina.

Nilicheka. Nilitoka pale ofisini nacheka peke yangu kwenye korido mpaka mhudumu akaniuliza, dada, umeshinda bahati nasibu? Nikamwambia zaidi.

Nilimchagulia mada. Mnaweza kubashiri. Kijana nilimpa tenses, rahisi, achague mwenyewe. Mzee nilimwandikia ujumbe: kipindi cha dakika arobaini, Kidato cha Tatu, maana na matumizi ya kitenzi get. Halafu, na hili sijawahi kumwambia mtu, nikawaita wanafunzi wangu watatu wakali, nikawagawia maswali kutoka kwenye kaunta buku langu. Nikawaambia muulizeni, msimwonee haya, mgeni ni wa kupimwa. Wakafurahi. Watoto wanapenda kutumwa kazi ya namna hiyo.

Akaja. Koti ni lilelile au ndugu yake, ila sasa linamning'inia. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinikuta nimesimama mlangoni pa darasa. Kwetu, mwalimu wako unamwamkia hata ukiwa waziri, na yeye alisimama akasubiri. Nikamwambia, "Karibu, mwalimu. Umechelewa dakika mbili." Shikamoo sikumpa. Akainamisha kichwa kidogo, akaingia.

Nilikaa nyuma, daftari mapajani. Akaandika get ubaoni. Nilitegemea ajigambe, lakini alianza vizuri, kwa sauti ndogo: kupata, kupokea, kufika. Mifano yake ilikuwa safi. Roho ikaanza kuniuma. Nikamkonyeza msichana wangu wa kwanza. Akasimama, akauliza: Sir, mtu akisema he got his son a book, na he got his son to read, na he got his son arrested, hizo ni get tatu au ni moja? Mzee akasema ya kwanza ni kumpatia. Ya pili ni… akatafuta… ni kumshawishi. Ya tatu akaanza kuieleza, akarudi ya pili, akafuta ubao, akaandika upya, akafuta tena. Chaki ikavunjika. Darasa likaanza kunong'ona.

Wa pili akasimama. Sir, get over ni nini? Mzee akashika hapo kama mtu aliyepata ngazi: ni kuruka, kuvuka, kama ukuta. Na wa tatu, yule mtundu wangu, akaipiga palepale nilipomwelekeza: "Sir, kwa hiyo mtu aki-get over kifo cha baba yake, anamruka?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mzee alisimama na kipande cha chaki. Aliniangalia, mimi, kule nyuma, kwa muda mrefu. Halafu akawaambia wanafunzi, kwa Kiswahili, katika shule ya Kiingereza tupu, "Wanangu, hili neno silijui vizuri. Nilikuwa naliogopa, ndiyo maana nilikuwa nawakataza watu." Wakacheka zaidi. Mimi niliandika sifuri kwenye daftari langu, nikaizungushia duara, na nikasikia utamu mpaka kwenye meno. Nisidanganye. Ulikuwa utamu.

Alinifuata ofisini kujua lini atapata jibu. Alikuwa anaitaka ile kazi, unaona kabisa anaitaka, anashika ukingo wa meza yangu. Alisema nyumbani mikono inamkaa tu, mke ametangulia, watoto wako mbali, akasikia bora arudi darasani kabla hajasahau kuongea. Nikamwambia, "Omba kwa Kiingereza." Akaomba. Kiingereza kizuri, sina ubishi. Nikamwambia, "Again." Akarudia. Nikamwambia tena, "Again." Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati.

Ndipo nikamuuliza, "Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka."

"Unakumbuka siku niliyokuja kuomba ruhusa?"

"Nakumbuka."

"Ulininyima kumuaga baba yangu," nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga hayo maneno miaka yote, nilidhani nitayasema kwa utulivu, lakini nilipiga kelele, na mhudumu akachungulia. "Alikuwa ananiita, wewe unanisahihisha! Karatasi saba! Wewe ni mtu wa namna gani?"

Akafungua mdomo. Kweli kabisa, alifungua mdomo, na nilimwona akilivuta neno, halafu akalirudisha. Akatazama sakafu. Akasema, "Pole, mwanangu," akachukua mfuko wake wa plastiki wenye vyeti, akatoka. Nikamwangalia dirishani mpaka getini. Barua ya kumkataa niliiandika siku hiyohiyo, Ijumaa, nikatia saini, ikaondoka kabla ya saa kumi. Kijana tukamwambia aanze Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda kwenda Kakese. Habari kama hiyo huwezi kuipiga kwa simu. Mama nilimkuta uani amekaa kwenye gunia, anamenya karanga. Nikavua viatu, nikakaa, nikaanza kumenya naye, nikamsimulia tangu mwanzo. Nilikuwa naigiza: sauti ya mzee, chaki inavyovunjika, watoto wanavyocheka. Nilitegemea acheke. Nilipofika pale ofisini, pale pa karatasi saba, mikono yake ikasimama.

"Umemwambia hivyo?" akaniuliza. "Kwamba alikunyima kumuaga baba yako?"

"Nimemwambia. Kwani uongo?"

Mama akaniita jina langu la utotoni, ambalo huwa haliiti. "Baba yako alikata roho alfajiri," akasema. "Jogoo walikuwa bado. Wewe ulikuwa umelala bwenini kwenu."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia baba mdogo alikuja saa nne, akasema baba anaumwa.

"Sasa ulitaka aseme nini? Mtu anafuatwa kwa kuambiwa mgonjwa. Mtoto wa shule utamwambia amefiwa, halafu umpakie kwenye pikipiki? Si ataanguka njiani? Kila mtu anajua, ukiambiwa mgonjwa amezidiwa na umefuatwa na mtu, ujue tayari." Akanishangaa kweli, mama yangu. "Nilidhani unajua. Ilisomwa hata kwenye wasifu."

"Nilikuwa nimezimia, mama."

"Ee," akasema. "Ulizimia."

Akaendelea polepole, maana aliona nimeacha kumenya. Baba mdogo alitumwa mjini vitu viwili: kunichukua mimi, na kuchukua jeneza kwa fundi. Jeneza lilikuwa halijakauka vanishi, na gari la kulibeba lilikuwa bado linatafutwa. Angezunguka na mimi mpaka kwa fundi majeneza? Angeniacha wapi? Basi akamweleza yule mwalimu ukweli wote, akamwomba mambo mawili: asiniambie, na anishike pale, asiniachie nitoke, asiniache hata na wenzangu maana watoto wanasikia mambo, mpaka gari litangulie. Mwalimu akamwambia, niachie mimi.

"Baba yako mdogo alisema alipata shida sana yule mwalimu," mama akasema. "Hakujua akusemeshe nini. Na jioni alikuja msibani, na baiskeli, akakaa na wanaume mpaka tumezika. Wewe hukumwona."

Nilitaka kubishana. Bado nataka. Kibao alinivisha, vyoo nilideki, hilo hakuna wa kulifuta, na angeweza kunipa hata kitabu nisome, angeweza kunipa maji, kwa nini karatasi? Lakini lililonitoka mdomoni lilikuwa jingine. Nikamwambia, "Mbona jana hakuniambia? Nimemtukana, mama. Nimemtukana na kazi anaitaka. Angesema neno moja tu!"

Mama akaniangalia kama namuuliza kitu cha kijinga.

"Aliombwa asikuambie," akasema. "Nani alimwambia sasa aseme?"

Tukamenya karanga. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo hiyo kazi mmempa?"

Nilikuwa sijawahi kumdanganya mama yangu kwa lolote kuhusu yule mtu. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Tumempa."

Akafurahi. Akainuka, akishika kiuno, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa rambo, akaujaza zile karanga zilizokwisha kumenywa, zote, akaufunga mafundo mawili. Akasema nimpelekee Jumatatu akija kazini, nimwambie ni za mama yangu, na kwamba hatujasahau.

Mfuko uko jikoni kwangu. Mwalimu anakaa hapa hapa Nsemulwa, mtaa wa tatu, nyumba yenye geti la bluu, na mama amekwisha kunipigia mara mbili kuuliza kama amezipokea.